Pikipiki ya lami na vumbi kwa bei nafuu: Honda XR150L, Yamaha DT125 ya mtumba au ya Kichina mpya?

Mtu anayeishi Madale, Mbezi Msumi au Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hupita barabara za aina mbili katika safari moja. Hutoka nyumbani kwenye udongo uliochimbwa na maji ya mvua, akavuka korongo moja au mawili, kisha akaingia lami na kwenda sambamba na daladala mpaka mjini. Mwongezee shamba la Kisarawe au kiwanja cha Kimbiji, ambako mchanga hushika tairi mpaka juu ya rimu, na utaona kwa nini pikipiki ya kawaida ya bodaboda humchosha mapema, ingawa ndiyo rahisi kununua na kutengeneza.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo, aliyekwisha kuamua kwamba anataka pikipiki ndefu kidogo, yenye matairi ya vibonge, yaani yenye meno, na shokapu zinazokunja vizuri, lakini amekwama kwenye uchaguzi. Ninalinganisha njia tatu: Honda XR150L, mpya au iliyotumika kidogo, Yamaha DT125 ya mtumba, ambayo mara nyingi hutoka kwenye minada ya taasisi na miradi, na pikipiki mpya ya Kichina ya sisi (cc, kipimo cha ukubwa wa injini) 200 hadi 250 iliyoundwa kwa umbo la pikipiki ya mashindano ya vumbi. Nimeziendesha zote tatu kati ya jiji na Mkoa wa Pwani, na DT125 niliimiliki kwa miaka kadhaa.

Vigezo nilivyotumia

Vigezo vyangu ni vitano: barabara unayopita mara nyingi zaidi, urefu na uzito wa mwili wako, upatikanaji wa spea na fundi, gharama ya kununua na kuendesha, na shokapu, yaani ubora wake zikiwa mpya na uwezekano wa kuzirekebisha. Ukubwa wa injini nimeuacha nje kwa makusudi. Sisi 125 au 150 zinatosha kwa foleni ya Barabara ya Morogoro na kwa kupanda vilima vya Pugu, na nguvu iliyozidi hapo ina faida ndogo kwa mtu ambaye gurudumu lake la mbele linarukaruka hovyo kila linapogusa shimo.

Barabara

XR150L ina gurudumu la mbele la inchi 19 na la nyuma la inchi 17. Ukubwa huo ni maafikiano: kwenye lami pikipiki inakata kona kwa utulivu na haiyumbi, na kwenye vumbi la changarawe inakwenda vizuri, lakini kwenye mchanga mzito wa Kigamboni, kuanzia Kimbiji kuelekea Pemba Mnazi, gurudumu la inchi 19 huzama na kutafuta njia yake lenyewe mapema kuliko kubwa. DT125 ina gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, na pikipiki nyingi za Kichina za umbo hili zimefuata vipimo hivyohivyo. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo badala ya kuingia ndani yake, na tofauti hiyo huisikia mkononi kila anayepita makorongo baada ya masika.

Kwenye lami mambo hubadilika. DT125 huchoka kwenye mwendo mrefu wa kasi moja, na sauti yake hukufuata mpaka Bagamoyo. Ya Kichina ina nguvu ya kutosha kupita malori bila shida, ila matairi yake ya vibonge vikubwa huifanya iteleze kwenye lami yenye maji, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulizingatia kama anatumia barabara kuu kila siku msimu wa mvua.

Mwili wa mwendeshaji

Kiti cha XR150L kipo milimita 825 kutoka ardhini, na pikipiki nzima ikiwa na mafuta ina uzito wa karibu kilo 129. Mtu wa urefu wa kawaida hugusa chini kwa sehemu kubwa ya nyayo zote mbili, na hilo lina thamani kubwa kwenye foleni ya Ubungo kuliko inavyodhaniwa. DT125 ndiyo nyepesi kuliko zote, na wepesi huo ndio unaofanya wenye nayo waipende: ikianguka kwenye tope unainyanyua mwenyewe. Za Kichina ndizo ndefu, nyingi zikipita milimita 850 kwenye kiti, na mtu mfupi atalazimika kuinamisha pikipiki upande mmoja kila anaposimama kwenye taa. Kabla ya kulipa, panda pikipiki ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea na umebeba begi lako la kila siku.

Spea na fundi

Katika kigezo hiki ya Kichina ina faida ambayo wengi hawaijui. Injini nyingi za Kichina za sisi 125 hadi 200 zina asili yake kwenye Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, injini inayopozwa kwa hewa na yenye fito za kusukuma valvu, na ukoo huohuo ndio unaoendesha bodaboda nyingi za Kichina mjini. Kwa hiyo fundi wa kijiwe chochote cha Buguruni au Gerezani anaijua, na vitu kama sahani za klachi, plagi, kabureta na gasketi utavikuta Kariakoo bila kuagiza. Ukichagua ya sisi 250, hakikisha kwanza ni injini ya ukoo gani, kwa sababu faida hii haihamii kwenye kila injini. Tatizo la za Kichina lipo kwenye plastiki, taa, swichi na hasa shokapu, ambazo hubadilika kati ya toleo na toleo kiasi kwamba spea ya mwaka huu huenda isiingie kwenye pikipiki ya mwaka ujao.

XR150L ina injini rahisi ya sisi 149 yenye kabureta na gia tano, na kwa fundi makini haina fumbo lolote. Spea zake halisi hupatikana kwa gharama ya juu, lakini huhitaji kuzinunua mara kwa mara.

DT125 inahitaji fundi wa aina yake. Ina injini ya mipigo miwili, ambayo mafundi huiita tu-stroki. Haina valvu za kurekebisha, na ringi za pistoni hubadilishwa kwa kazi ya nusu siku, lakini oili yake ya kulainisha huungua pamoja na petroli. Oili hiyo hukaa kwenye tangi lake dogo na kusukumwa na pampu. Ukinunua ya mtumba, muulize mwenye nayo kama pampu inafanya kazi au ilikwisha kuondolewa, kwa kuwa mmiliki mpya asiyejua kwamba anatakiwa kuchanganya oili kwenye petroli hunasisha pistoni ndani ya siku chache. Nchini bado wapo mafundi wazee walioshika pikipiki hizi tangu enzi za miradi ya maji na chanjo vijijini, na kabla ya kununua ni vyema umpate mmoja wao kwanza.

Gharama

XR150L mpya ni ghali kwa mbali kuliko Boxer, pikipiki ya kawaida ya bodaboda, lakini huhifadhi thamani na hutumia petroli kidogo. DT125 hununuliwa kwa bei nafuu, kisha hukudai fedha mfululizo katika miezi ya mwanzo, na kila lita ya petroli inaambatana na oili. Ya Kichina ipo katikati kwa bei, nayo hupoteza thamani haraka unapotaka kuiuza. Kwa zote zilizotumika, usilipe kabla ya kuona kadi ya pikipiki na kulinganisha namba za chasisi na injini. Pikipiki ya mnada iwe na nyaraka za mnada zinazokuwezesha kubadilisha umiliki TRA, yaani Mamlaka ya Mapato.

Shokapu zinavyokuja

XR150L huja na shokapu za mbele za bomba nyembamba, milimita 31, zenye mwendo, yaani umbali wa kukunja, wa takriban milimita 180, na shokapu moja ya nyuma inayoruhusu gurudumu kupanda takriban milimita 150. Hazina vifundo vya kurekebisha kasi ya kukunja na kurudi. Kwa mtu wa kilo 65 anayeendesha peke yake ni nzuri sana zilivyo. Kwa mtu wa kilo 90, au kwa yeyote anayebeba abiria kila siku, ni laini, na kwenye tuta lililofichwa na giza hugonga mwisho.

DT125 ilibuniwa vizuri, ikiwa na shokapu moja ya nyuma wakati pikipiki nyingi za kazi zilikuwa na mbili, lakini unachonunua leo ni matokeo ya miaka mingi ya kazi. Springi zimelegea, bushi za swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) zimelika, na bomba za mbele zina vidonda vya kutu, hasa kama pikipiki imeishi karibu na bahari. Yangu ilivuja oili mbele, nikabadilisha sili mara tatu kabla ya kupitisha ukucha juu ya bomba na kukuta kishimo kidogo cha kutu kilichokuwa kinakata kila sili mpya. Mara zote tatu nililipa fundi kwa kosa ambalo ningeligundua kwa dakika moja siku ya kununua.

Za Kichina huvutia macho kuliko zote. Nyingi huja na shokapu za mbele zilizogeuzwa, bomba nene juu na nyembamba chini, na baadhi zina vifundo vya kurekebisha. Umbo hilo ni imara na halipindi ovyo, lakini uimara wa bomba ni jambo moja na ubora wa springi na valvu za ndani ni jambo jingine. Nilizopanda zilikuwa ngumu kwenye mashimo madogo na zilirudi kwa kasi mno, hata kiti kikawa kinamrusha mwendeshaji. Geuza kifundo mpaka mwisho mmoja, bonyeza pikipiki, kisha geuza mpaka mwisho wa pili ubonyeze tena. Kama huoni tofauti yoyote, kifundo hicho ni pambo, na bei ya pikipiki isihesabu uwepo wake.

Kuzirekebisha bila gharama kubwa

Sehemu hii inahusu pikipiki zote tatu, nami ninaipa nafasi zaidi kwa sababu nimeona watu wakiuza pikipiki nzuri kwa hasira wakati walichohitaji kilikuwa spana na futi ya kupimia.

Anza na upepo wa matairi. Tairi lililojazwa kama la gari la mizigo huifanya shokapu yoyote ionekane mbovu, na tairi tupu huficha kasoro za shokapu na kupinda rimu. Kisha nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani pole pole na usikilize kama bearingi zake zinakwama. Nyanyua la nyuma, lisukume kushoto na kulia uone kama swingamu inacheza. Usirekebishe shokapu wakati viungo vyake ni vibovu, kwa kuwa utakuwa unatibu kisichoumwa.

Hatua inayofuata ni kupima jinsi pikipiki inavyozama chini ya uzito. Unahitaji watu wawili wa kukusaidia. Weka alama kwenye plastiki ya nyuma, juu kabisa ya ekseli ya gurudumu. Pima umbali kutoka ekseli hadi alama gurudumu likiwa limenyanyuliwa hewani, pima tena pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake yenyewe, na pima mara ya tatu ukiwa umekaa juu yake na kofia ngumu, viatu na mzigo wako wa kawaida, huku mwenzako mmoja akiishika isianguke. Tuseme vipimo ni milimita 610, 595 na 562. Pikipiki peke yake imezama milimita 15, na ukiwa umekaa imezama 48. Kwa gurudumu lenye mwendo wa milimita 150, hiyo 48 ni karibu thuluthi moja, nayo ndiyo tunayoitafuta. Mbele hupimwa kwa njia hiyohiyo, na kati ya robo na thuluthi ya mwendo wote inatosha.

Kama umezama zaidi, kaza ringi inayobana springi ya nyuma. Kama umezama kidogo mno, ilegeze. Tumia spana ya ndoano. Vijiweni ringi hii hugongwa kwa tindo na nyundo, na baada ya mara mbili meno yake huisha na marekebisho hayawezekani tena. Mimi nina kilo 86, na kwenye XR150L niliyokuwa nikiitumia nilizama milimita 62 kabla ya kukaza.

Ni muhimu kuelewa kwamba kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, bali kunainua pikipiki ili iwe na nafasi ya kukunja. Kwa hiyo angalia vipimo vyote viwili pamoja. Ikiwa umekaza mpaka ukapata ile thuluthi ukiwa umekaa, lakini pikipiki peke yake haizami hata milimita tano, springi ni laini mno kwa uzito wako na dawa yake ni springi nyingine. Ikiwa peke yake inazama sana huku wewe ukiiongezea kidogo tu, springi ni ngumu mno kwako. Wanaonunua za Kichina wakiwa na miili myepesi hukutana na hali hii ya pili, na wenye miili mizito hukutana na ile ya kwanza kwenye XR150L. Anayebeba abiria siku tano kati ya saba apime akiwa na abiria.

Mbele, pikipiki hizi nyingi hazina ringi. Unaloweza kufanya ni kuongeza kipande cha bomba gumu la plastiki juu ya springi, kilichokatwa kwa unyoofu na kuwekewa washa, ukianza na milimita 10 kila upande. Nyanyua gurudumu la mbele kabla ya kufungua kifuniko, na ukifungue ukikiegemea kwa kiganja, kwa kuwa springi hukirusha kwa nguvu.

Kisha kuna oili ya shokapu, ambayo huamua kasi ya kukunja na kurudi. Oili hii huchoka na kuwa nyeusi kama nyingine yoyote, na kwenye DT125 ya mnada huenda haijabadilishwa kwa miaka. Agiza ya kipimo cha 10W, yaani nyepesi. Ikikosekana, oili ya gia otomatiki za magari inakaribiana nayo. Usikubali fundi akumiminie oili ya injini ya 20W-50, jambo la kawaida sana vijiweni, kwa kuwa uzito wake huizuia shokapu kurudi kwa wakati. Kwenye changarawe iliyotengeneza mawimbi kama bati, shokapu isiyorudi haraka hukunjwa na wimbi la pili kabla haijanyooka kutoka la kwanza, na baada ya mawimbi kumi pikipiki inakwenda kama haina shokapu kabisa. Kiwango cha oili kiwe sawa pande zote mbili, kipimwe springi zikiwa nje na shokapu imekunjwa yote. Ukiongeza kiwango kidogo, hewa iliyobaki juu hupungua na shokapu hukaza mwishoni mwa mwendo wake. Hii ni njia nzuri kwa anayegonga mwisho kwenye matuta lakini ameridhika na ulaini wa kawaida.

Kama una vifundo vinavyofanya kazi kweli, vifunge taratibu mpaka vikome, hesabu mibofyo na uiandike, kisha rudi ulipokuwa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mibofyo miwili kila mara, upite kipande kilekile cha barabara. Ukibonyeza kiti na kukiachia, kinapaswa kupanda mara moja na kutulia. Kikirusha, punguza kasi ya kurudi. Kikipanda kama kinajivuta, iongeze.

Uchague ipi kwa hali yako

Ukiishi Goba au Kibamba, ukaenda mjini kila siku na kuingia vumbi kilomita chache tu, XR150L itakufaa, na fedha utakayoongeza kwa ajili ya springi ya nyuma iliyo ngumu zaidi itahitajika tu kama una uzito mkubwa au unabeba abiria.

Ukiwa na shamba Maneromango au kiwanja kwenye mchanga wa kusini ya Kigamboni, una mwili wa wastani, na umeshampata fundi wa tu-stroki, DT125 itakufikisha mahali ambapo nyingine zitakuchosha. Tenga tangu mwanzo fedha ya bomba za mbele, sili, bushi na oili, na usiihesabu kama gharama ya dharura.

Ukiwa mrefu, unapenda njia ngumu za mwisho wa wiki, na unataka pikipiki mpya yenye spea za injini zilizo karibu, ya Kichina ina mantiki, mradi ukubali kuipima na kuirekebisha kabla ya kuihukumu na usitegemee kuiuza kwa bei nzuri.

Na kama ukijihesabia kwa uaminifu ukakuta kwamba siku 28 za mwezi unapita lami, fikiria Boxer 150 yenye matairi ya vibonge vidogo. Ina magurudumu ya inchi 17 na haitaupenda mchanga, lakini shokapu zake mbili za nyuma zina ringi ya ngazi unayoweza kuigeuza kwa spana ileile, na njia ya kupima kuzama niliyoieleza hapo juu inafanya kazi juu yake bila kubadilisha chochote.